Nalinda neva za wagonjwa thieta, lakini naitwa "msichana wa mashine"

Shikamoo Shangazi,

Barua nyingi unazojibu ni za mapenzi na mirathi. Yangu ni ya kazi, ila imeshaingia mpaka jikoni kwangu, ndiyo maana nakuandikia.

Nilisomea ufundi wa vifaa vya hospitali hapa hapa Mombasa, kisha nikapelekwa India kufundishwa kufuatilia neva za mgonjwa anapopasuliwa. Daktari akinyoosha uti wa mgongo uliopinda, au akitoa uvimbe uliobanana na neva, mgonjwa yuko nusukaputi, hawezi kusema mguu wake umekufa ganzi. Mimi ndiye ninayemsemea. Namchoma visindano vyembamba kichwani, mikononi na miguuni. Napiga umeme kidogo kwenye kifundo cha mguu nikitazama kama unafika kwenye ubongo, halafu napiga mwingine kichwani nikitazama kama misuli ya mguu inaitika. Naanza mgonjwa akiwa bado chali, naendelea akishapinduliwa kifudifudi, na siondoki mpaka ngozi ishonwe. Siku nyingine ni kutwa nzima, chai yangu inapoa kwenye korido.

Naipenda kazi hii. Shida yake ni kwamba ikienda vizuri hakuna kinachotokea. Mgonjwa anaamka, anachezesha vidole, jamaa zake wanampa daktari mkono na wauguzi wanaletewa halua. Mimi niko pembeni nakunja nyaya.

Nikupe kisa kimoja. Alikuja binti wa shule, mgongo umepinda mpaka bega moja limepanda juu. Skurubu ziliingia salama, vyuma vikaingia. Daktari alipoanza kuvizungusha ili uti unyooke, majibu ya misuli ya mguu wa kushoto yakafifia, kisha yakapotea kabisa. Ya kulia yakabaki nusu. Mikono yote miwili ilikuwa sawa.

Nikasema, "Daktari, mguu wa kushoto umepotea."

Akajibu bila kugeuka: "Angalia nyaya zako."

Nikaangalia, zilikuwa sawa. Nikamwuliza daktari wa nusukaputi kama ameongeza dawa yoyote. Akasema hapana, ila presha imeshuka. Redio ilikuwa inapiga taarab ya zamani, nikapandisha sauti juu ya kinanda na fidla: "Daktari, si nyaya. Mikono ipo, mguu haupo."

Akasonya. Kisha akalegeza vyuma. Presha ikapandishwa, tukangoja. Mistari ilirudi polepole, kulia kwanza, kushoto baadaye, na binti yule aliamka anachezesha vidole vyote kumi.

Baadaye nilisoma faili lake. Ripoti ya upasuaji inasema kazi ilikwenda bila tatizo lolote. Sikutajwa popote. Kwenye bili ya mgonjwa nimo ndani ya mstari ulioandikwa "mashine na vifaa".

Hata hayo ningeyameza. Kilichonikata maini ni mkutano wa juzi. Meneja alisema hospitali haina nafasi ya kuniajiri. Niendelee kulipwa kwa kila kesi, simu ikilia nije. Halafu akataka niwafundishe wauguzi wawili wa thieta, Jumamosi na Jumapili tu, ili mtu yeyote aweze kuitumia mashine, "maana ni kutazama mistari tu". Daktari mwenyewe alikuwa amekaa pale pale. Hakufungua mdomo.

Nyumbani nako! Mavyaa wangu akiulizwa harusini mkaza mwanawe anafanya nini, husema "yuko hospitali". Wakimwuliza ni daktari au nesi, hugeuza maneno. Wiki hii alisema mbele ya mume wangu kwamba haoni haja ya mtu kuamka saa kumi alfajiri kuwahi feri ili akatazame televisheni. Mume wangu akacheka.

Sasa kampuni moja ya Nairobi inayouza mashine hizi imeniita. Wananipa mshahara wa kila mwezi, kazi ni kuzunguka hospitali wanazozihudumia. Nina mtoto wa miaka minne.

Shangazi, niwafundishe wauguzi hao au nikatae? Nidai haki yangu vipi bila kuonekana nina mdomo? Au nifunge virago?

Mpima Neva, Likoni

—

Marahaba mwanangu,

Wasomaji wengi hawajui kwamba kabla ya kushika kalamu Shangazi alikuwa muuguzi wa thieta. Kwa hiyo mambo yako si mageni kwangu. Mimi ni wa enzi ambazo chumbani hakukuwa na mtu kama wewe. Tulichokuwa nacho ni kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji, mgongo ukiwa wazi, na kumwambia achezeshe miguu. Madaktari wa Kifaransa, Vauzelle na Stagnara na mwenzao, waliieleza njia hiyo mwaka 1973. Kazi yangu ilikuwa kuinama chini ya shuka za kijani, macho kwenye vidole vya miguu, nikingoja. Kidole gumba kikicheza napaza sauti, "Amecheza!" na chumba kizima kinashusha pumzi.

Njia ile imeokoa watu, na hata leo haijatupwa. Ila inakupa jibu la dakika ile tu. Mgonjwa akirudishwa usingizini na skurubu nyingine ikaingia, hujui tena. Na asiyeweza kufuata amri, mtoto mdogo au mtu asiyesikia, utamwambiaje achezeshe? Wewe unauliza swali lile lile saa zote za upasuaji, na mgonjwa anaendelea kulala.

Kwa hiyo anayesema ni kutazama mistari tu amesema nusu ya ukweli. Nahodha wa feri ya Likoni naye anatazama maji tu.

Turudi kwenye kisa cha yule binti, kwa sababu nakiona umekisimulia kama kisa cha kunyanyaswa, na mimi nimekisoma kama kisa cha kazi iliyofanywa vizuri sana. Majibu ya mguu yanaweza kupotea kwa sababu chungu nzima ambazo hazina uhusiano na kisu. Sindano imechomoka. Dawa ya kulegeza misuli imeongezwa. Gesi ya nusukaputi imepandishwa, nayo huyafifisha majibu ya misuli kuliko dawa za kupitia mshipani kama propofoli. Presha imeshuka, mwili umepoa, damu imepungua. Wewe, katika muda mfupi ambao mwenzako anakufokea, uliitazama mikono. Ingekuwa ni dawa au mashine, mikono nayo ingefifia. Mikono ilikuwa mizima na miguu haikuwa, maana yake tatizo lilikuwa njiani kati ya mikono na miguu, pale pale daktari alipokuwa akizungusha chuma. Hapo uliamua, na uamuzi huo haumo ndani ya mashine. Angekuwa mtu aliyefundishwa Jumamosi na Jumapili, angeambiwa "angalia nyaya zako" na angeendelea kuangalia nyaya.

Nawaambia na wasomaji wengine, maana najua meneja wa hospitali moja au mbili husoma safu hii huku akijifanya anasoma michezo. Wimbi linalofika kichwani kutoka kifundo cha mguu ni dogo mno, linapimwa kwa sehemu za milioni za volti, na linazama ndani ya umeme wa ubongo wenyewe. Mashine hupiga mamia ya mara na kutafuta wastani ndipo lionekane. Mtu akichomeka blanketi la kumpasha mgonjwa joto kwenye soketi ya jirani, umeme wa ukutani wa mizunguko 50 kwa sekunde unaingia kwenye picha na kila kitu kinakuwa majani. Nimewaona vijana wa kazi hii wakitambaa chini ya kitanda kutafuta waya unaonguruma, magauni yao yakifagia sakafu, na daktari juu akiuliza kama wamelala. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kimo cha wimbi kikishuka kwa asilimia 50, au muda wake wa kufika ukirefuka kwa asilimia 10, unapiga kengele. Kusoma kanuni hiyo ni dakika moja. Kujua ni lini kushuka huko ni presha, ni lini ni soketi, na ni lini mtoto wa watu anapooza, hiyo ni miaka. Na hatujagusa tezi la shingo, ambako ni neva ya sauti inayolindwa, wala uvimbe wa tezi la mate, ambako ni neva ya uso.

Na mikono siyo ya kulinganishia tu. Mgonjwa akilazwa kifudifudi mikono ikavutwa juu vibaya, wimbi la mkono mmoja hupungua taratibu. Mpima makini atasema, "Bega la kulia, tafadhali," mtu atalishusha, wimbi litarudi, na mgonjwa ataamka bila kujua kwamba angeamka na mkono mzito. Hicho nacho hakiandikwi popote.

Nakuja kwenye swali lako la kwanza. Wafundishe.

Najua ulitaka nikwambie ukatae. Siku utakayoumwa, au feri ikikwama, kutakuwa na mtu mezani anayehitaji mikono mingine, na mwenye ujuzi anayeuficha ili asitupwe huishia kutupwa na kulaumiwa. Lakini fundisha kwa maandishi. Kabla ya hiyo Jumamosi, mwandikie meneja barua ya ukurasa mmoja: kwa siku mbili wauguzi hawa watajifunza kuweka sindano, kupima kama zinashika, kumtayarisha mgonjwa, kuweka kizuizi kati ya meno ili asijing'ate ulimi umeme wa kichwani unapopigwa, na kuweka kumbukumbu. Hawatajifunza kusoma mawimbi wala kutoa tahadhari peke yao. Mwombe asaini. Akikataa kusaini, weka nakala yenye tarehe. Na usitie sahihi yako kwenye karatasi yoyote inayosema wamefuzu.

Barua hiyo iambatane na takwimu moja. Mwaka 1995 Marc Nuwer na wenzake walichapisha uchunguzi wa upasuaji 51,263 wa uti wa mgongo. Timu zilizokuwa na uzoefu wa kufuatilia neva zilipata wagonjwa wenye madhara ya neva chini ya nusu ya wale wa timu zenye uzoefu mdogo. Soma tena, mwanangu: waliolinganishwa ni wenye uzoefu na wasio nao. Mashine zilikuwepo kote kote. Meneja anadhani alichonunua ni kile kisanduku chenye skrini, na namba hiyo inamwonyesha kwamba alichonacho ni wewe.

Sasa swali la kudai haki bila kuonekana una mdomo. Mdomo utakuwa nao, haukwepeki, kwani kazi yenyewe ni ya kusema. Ninachokuonya ni kudai shukrani. Shukrani za thieta nimezingoja miaka na miaka, haziji, na zikija ni keki ya kustaafu. Wewe dai nafasi: ujulikane kabla ya kisu, na uandikwe baada ya uzi.

Kabla ya kisu ni rahisi kuliko unavyofikiri, maana mlango uko wazi tayari. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, na karibu kila thieta inaijua hata kama huisoma kwa haraka kama mtu anayewahi matatu. Ndani yake kuna kituo, kabla ngozi haijakatwa, ambapo kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Hapo usinyamaze. "Naitwa fulani, nafuatilia neva. Leo mikono iko vizuri, mguu wa kulia ni dhaifu tangu mwanzo. Nikisema simama, naomba tusimame." Sentensi tatu hizo. Utaona haya mara ya kwanza. Muuguzi msimamizi akiona unazisema kila kesi, siku utakayosahau atakukumbusha yeye.

Halafu ile "angalia nyaya zako". Daktari yule hakuwa na chuki na wewe, nadhani. Mpasuaji aliye katikati ya kuzungusha chuma hataki kusikia kwamba anachofanya kinaumiza, na jambo la kwanza linalomjia ni kwamba mashine imekosea. Mara nyingine huwa imekosea kweli. Dawa yake ni kukubaliana mapema, watu wakiwa na akili zilizotulia. Mwaka 2014 kundi la wataalamu wa Marekani, akiwemo mpasuaji Michael Vitale, lilichapisha orodha ya hatua za kufuata mawimbi yanapopotea. Iitafute, iko kwenye karatasi moja. Hatua zake za mwanzo utazipenda: simamisha kazi, zima muziki, nyamazisha mazungumzo, ita wakubwa. Kisha kila mtu ana lake. Wa nusukaputi anapandisha presha, anaangalia damu, joto na dawa. Mpima anahakikisha sindano na nyaya. Mpasuaji anarudi nyuma kwenye kitendo chake cha mwisho: alegeze chuma, atoe skurubu anayoishuku, apunguze mvuto. Mawimbi yasiporudi, ndipo lile la zamani la kumwamsha mgonjwa. Umeona? Kuangalia nyaya kumo, ila ni hatua moja, na wengine wote wanafanya zao wakati huo huo.

Mpelekee daktari karatasi hiyo ofisini, si thieta, na usimwendee mbele ya watu. Mwanzie na binti yule. Mwambie, "Daktari, siku ile tulimwokoa mguu mtoto. Ningependa mara nyingine tufike pale haraka zaidi." Tumia "tulimwokoa", maana vyuma aliyevilegeza ni yeye. Kwa ninavyowajua wapasuaji, atakuuliza maswali mawili ya kukutega, kisha ataichukua. Kama hataichukua, utakuwa umepata habari muhimu kuhusu mahali unapofanya kazi.

Baada ya uzi, andika. Hapa mwanangu nakulaumu kidogo. Ulikwenda kusoma ripoti ya daktari ukitafuta jina lako, lakini hukuniambia ripoti yako wewe iko wapi. Kila kesi iwe na karatasi yako: mawimbi ya mwanzo, saa uliyotoa tahadhari, ulimwambia nani, alijibu nini, nini kilifanyika, saa ngapi yalirudi, yalikuwaje wakati wa kufunga. Maneno makavu, bila manung'uniko. "Saa 5:40, majibu ya mguu wa kushoto hayapo, mpasuaji ameelezwa, vyuma vimelegezwa, presha imepandishwa, majibu yamerudi." Nakala iingie kwenye faili la mgonjwa. Ikiwa siku moja mgonjwa ataamka hachezeshi mguu, Mungu apishe mbali, karatasi hiyo ndiyo itakayosimama kati yako na watakaosema mashine haikulia. Kwa malipo kwa kesi, bila mkataba, wewe ndiye wa kwanza kuangushiwa jumba.

Jambo hilo la mkataba usilichukulie kama fadhila ya meneja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka ajira ya miezi mitatu au zaidi iwe kwa maandishi na ieleze kazi ni ipi. Kifungu cha 37 kinamgusa kibarua ambaye kazi yake ni ya kuendelea, anayeweza kuhesabiwa kama mtu wa kulipwa kwa mwezi. Wao watasema wewe ni mkandarasi, umejiajiri. Huenda wana hoja, huenda hawana. Inategemea nani anakupangia saa, nani anamiliki mashine, na kama una ruhusa ya kukataa simu. Pita ofisi ya kazi hapa mjini ukiwa na kumbukumbu za kesi zako na za malipo kabla hujabishana na mtu. Ile bili nayo itumie: mgonjwa anatozwa kwa huduma yako, tena imefichwa ndani ya "vifaa". Omba mstari wake. Kitu chenye mstari wake kwenye hesabu hakifutwi kirahisi, hata meneja anajua.

Tahadhari moja, uzungumze nao kwa kweli tupu. Usiwaambie kila mgongo unahitaji mpima neva. Kwa upasuaji mdogo wa mgongo, sehemu ya kiunoni, wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama kuna faida, na mgonjwa wa Kisauni anayeuza mbuzi ili alipe hospitali hana haja ya gharama isiyomsaidia. Waambie pia kwamba tahadhari nyingine huwa za uongo, na kwamba kuna madhara machache ambayo mawimbi hayayaoni. Ukianza kwa kukiri hayo, ukisema "hapa lazima niwepo" watakuamini.

Mavyaa wako sasa. Sioni ubaya mkubwa kwake. Anaona haya harusini kwa sababu hana jibu la kutoa, nawe hujampa. Mpe: "Mwambie anayeuliza kwamba mkaza mwanao huwalinda watu wasipooze wakipasuliwa." Maneno hayo kina mama wa harusini watayabeba mpaka Mtwapa. Mume wako ni habari nyingine. Kicheko chake ulikisikia vizuri. Mkalishe chini usiku mmoja mtoto akishalala, umsimulie kisa cha binti kama ulivyonisimulia mimi, na umweleze kwamba siku ile ulitetemeka. Halafu umuulize nani atakuwa anaamka saa kumi alfajiri kumtayarisha mtoto, kwa sababu swali hilo litakuja mkibaki na litakuja mkihama.

Na Nairobi. Usiifunge hiyo milango, wala usikimbilie kwa hasira za mkutano mmoja. Mpe meneja barua, mpe daktari karatasi, na ujiwekee mwisho wa kungoja ambao huutangazi kwa mtu. Ukifika na hakuna mkataba wala hakuna aliyekujibu, nenda, na usijione umewatupa wagonjwa wa Mombasa. Hospitali ndiyo iliyochagua.

Kabla ya kusaini huko, waulize mambo ambayo wauzaji wa mashine hawapendi kuulizwa. Ni nani atasoma mawimbi pamoja nawe? Kule Marekani, anayekaa thieta mara nyingi huwa na daktari wa neva anayeyasoma naye kutoka mbali kwa intaneti, na mpima mwenyewe hufanya mtihani wa cheti kiitwacho CNIM, cha bodi ya ABRET. Wewe hapa unabeba mizigo yote miwili peke yako. Kama Nairobi nako utabeba peke yako, kinachobadilika ni mshahara tu, nao ni kitu, sikatai. Je, watakulipia mtihani huo, na ukifeli watakukata? Ukitoa tahadhari na mpasuaji ambaye ni mteja wao akakasirika, watasimama na nani? Hilo la mwisho uliulize ana kwa ana, umtazame usoni anayejibu. Kisha uwaulize nauli ya treni ya SGR ya kuja kumwona mtoto ni juu ya nani, na jibu lake liandikwe.